Neno la Mwalimu na Mtoto wa Manzese

Wahenga walisema, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Usemi huu unatuhusu sote, lakini hapana unayemhusu zaidi kuliko mwalimu. Seremala akikosea kipimo huutupa ubao akachukua mwingine. Karani akikosea hesabu hupiga mstari akaandika upya. Lakini mwalimu akimwambia mtoto wa miaka tisa, mbele ya wenzake wote, kwamba yeye ni mjinga na atakufa mjinga, hapana kifutio kinachoweza kulifuta neno hilo. Mtoto hulichukua hadi nyumbani, hulala nalo, na mara nyingi huzeeka nalo.

Leo tumekusudia kulizungumza jambo hili, na tumechagua kulitazama kutokea Manzese, jijini Dar es Salaam. Huenda ndugu zetu wa Visiwani wakauliza: Kwa nini Manzese, na si Kwahani au Wete? Sababu tunazo. Manzese inajulikana na kila Mzanzibari aliyewahi kushuka bandarini Dar es Salaam na kushika Barabara ya Morogoro kwenda bara. Zaidi ya hayo, Manzese ni kioo. Ni mtaa wa watu wa kipato kidogo, wenye watoto wengi na vyumba vichache, na mtu wa Visiwani akiutazama vizuri ataziona ndani yake nyuso za Ng'ambo yetu. Litakalosemwa juu ya mtoto wa Manzese litakuwa limesemwa pia juu ya mtoto wa Jang'ombe na wa Chake Chake.

Yafaa kwanza ieleweke Manzese ni mahali gani. Leo mtaa huo umo katika Manispaa ya Ubungo, iliyomegwa kutoka Kinondoni. Haukuanza kwa kamba ya mpimaji. Watu walitoka mikoa mbalimbali kuja kutafuta kazi mjini, wakajenga pale walipopata nafasi. Jirani yake kilijengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki kwa msaada wa China, kikafunguliwa mwaka 1968. Desturi ya miji mingi ya ulimwengu ilikuwa kuivunja mitaa ya namna hiyo na kuwatawanya wakazi wake. Serikali yetu, mwaka 1972, iliamua vingine: mitaa hiyo isivunjwe bali iboreshwe. Katikati ya miaka ya 1970 Manzese ikawa miongoni mwa mitaa ya kwanza kuingizwa katika mradi mkubwa wa kuboresha makazi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Zikapitishwa barabara na mabomba ya maji, zikajengwa skuli na zahanati.

Uamuzi ule ulikuwa na maana kubwa kuliko mabomba. Ulikuwa ni neno. Serikali ilimwambia mtu wa Manzese kwamba nyumba yake aliyoijenga kwa jasho lake si takataka, na kwamba yeye si mvamizi katika nchi yake mwenyewe. Mtu aliyeambiwa hivyo alipaka chokaa ukuta wake na kuezeka bati jipya, kwa kuwa alikwisha kuwa na hakika kwamba kesho hatafukuzwa. Huo ndio mfano mzuri wa jinsi neno la mwenye mamlaka linavyoweza kumwinua mtu.

Swali letu ni hili: je, mtoto wa mtu huyo, akiingia darasani asubuhi, husikia neno la namna hiyo kutoka kwa mwenye mamlaka wa kwanza anayekutana naye maishani baada ya wazazi wake?

Ndugu msomaji, mwezi Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake mashuhuri juu ya Elimu ya Kujitegemea. Wengi huukumbuka waraka huo kwa jembe na shamba la skuli. Lakini aliyeusoma kwa makini atakumbuka kwamba uliitaka elimu yetu ijenge mambo matatu katika kila raia. La kwanza ni akili ya kudadisi. La pili ni uwezo wa kujifunza kutokana na wayafanyayo wengine, kisha kuyakubali, kuyakataa au kuyarekebisha kulingana na mahitaji yetu. La tatu ni imani ya mtu juu ya nafsi yake, kwamba yeye ni mtu huru na sawa na wenzake, anayewathamini wengine na kuthaminiwa nao kwa kazi yake na si kwa mali yake.

Tunaomba jambo hilo la tatu litazamwe kwa makini, kwani ndilo lililosahauliwa. Akili ya kudadisi tunaipima, ijapokuwa kwa mitihani yenye kasoro. Idadi ya madarasa tunaihesabu. Madawati tunayahesabu. Lakini ni ofisa gani wa elimu, Bara au Visiwani, aliyewahi kuingia skuli na kuuliza: watoto hawa wanajiamini? Wanaweza kunyosha mkono? Wanaweza kumwambia mwalimu kwamba hawakuelewa, bila ya kutetemeka?

Hatusemi kwamba nchi haijafanya kitu. Visiwani, tarehe 23 Septemba 1964, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na mtoto wa mkulima na wa mchukuzi akapata haki ya kukaa dawati moja na mtoto wa tajiri. Bara, mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuazimia kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Ada ya skuli za msingi, iliyokuwa imerudi katikati, ikafutwa tena mwaka 2001. Na waraka wa mwishoni mwa mwaka 2015 ukaondoa ada na michango hadi Kidato cha Nne. Kila mlango ulipofunguliwa, watoto waliingia kwa wingi. Hiyo ni sifa kwa taifa letu, na hatuionei haya.

Lakini mlango ukifunguliwa, nyumba hujaa. Kiwango kinachokubaliwa na Serikali kwa skuli za msingi Bara ni wanafunzi arubaini na watano kwa mwalimu mmoja. Katika mitaa kama Manzese darasa la watoto tisini si kioja. Wengine huingia kwa zamu, hawa asubuhi na wale mchana. Katika hali hiyo mwalimu huanza kuwajua wanafunzi wake kwa makundi, si kwa majina. Wapo watano wa mbele wanaojibu, nao wapo themanini na watano waliobaki, wanaoitikia kwa pamoja "Tumeelewa, mwalimu!" hata pale ambapo hawakuelewa.

Wanafunzi wenyewe wamekwisha kuyatungia makundi hayo majina. Mwerevu huitwa "kipanga" na mzito huitwa "kilaza." Ni utani wa watoto, na watoto hawaachi kutaniana. Hatari huanza pale mwalimu naye anapoyaokota majina hayo na kuyatumia. Hapo utani hugeuka hukumu. Na Manzese kuna hukumu nyingine ya ziada, ile inayotolewa juu ya mtaa mzima: "Nyinyi watoto wa uswahilini hamfiki popote." Mtoto ambaye mama yake huamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua ili yeye apate daftari, huambiwa kwa sentensi moja kwamba kazi ya mama yake ni aibu na anwani ya nyumba yao ni ugonjwa. Sisi wa Visiwani tunalijua neno hilo. Wakati fulani kuitwa mtu wa Ng'ambo kulikuwa na maana ya kuonyeshwa ni upande gani wa mji ambao huna haki ya kuusogelea.

Je, neno la mwalimu lina nguvu kiasi hicho kweli, au sisi tunatia chumvi? Ulimwengu umekwisha kulichunguza jambo hili. Mwaka 1964, katika skuli moja ya watoto huko California, Marekani, mtaalamu wa elimu ya nafsi aitwaye Robert Rosenthal alishirikiana na mkuu wa skuli, Bibi Lenore Jacobson, kufanya jaribio. Watoto walipewa mtihani wa akili. Kisha walimu wakapewa majina ya watoto wachache, kiasi cha mmoja kati ya watano, wakaambiwa kwamba mtihani umeonyesha watoto hao karibu watachanua kwa namna ya ajabu. Ukweli ni kwamba majina yale yaliokotwa kwa bahati nasibu tu. Hapakuwa na tofauti yoyote baina ya watoto hao na wenzao isipokuwa ile iliyotiwa katika vichwa vya walimu. Mwaka ulipokwisha, watoto wale waliotarajiwa kuchanua, hasa wa madarasa mawili ya chini, walikuwa wamepanda katika mtihani kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa katika kitabu mwaka 1968.

Ni haki tuseme kwamba wataalamu wengine waliyapinga, na mabishano juu ya ukubwa wa athari hiyo yamedumu miaka mingi. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba athari ipo, ila si kubwa kama wengi walivyodhani mwanzoni. Nasi hatudai kwamba matumaini ya mwalimu humgeuza kila mtoto kuwa bingwa. Tunalosema ni kwamba matarajio ya mwalimu hayabaki moyoni mwake. Hutoka. Hutoka kwa jicho, kwa sauti, kwa nani anaulizwa swali gumu na nani anarukwa, kwa daftari la nani linasahihishwa kwa maelezo na la nani linapigwa alama ya kosa tu. Mtoto hana elimu ya nafsi, lakini huzisoma ishara hizo kama baharia anavyousoma upepo.

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Bibi Mary Budd Rowe, alichunguza katika miaka ya 1970 muda ambao mwalimu humngojea mwanafunzi baada ya kumwuliza swali. Aligundua kwamba walimu wengi hungoja kiasi cha nukta moja tu, kisha hujibu wenyewe au humwita mwingine. Walimu walipofundishwa kungoja nukta tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na watoto waliokuwa wakihesabiwa wazito wakaanza kusema. Nukta mbili za nyongeza hazihitaji bajeti wala kibali cha Wizara. Zinahitaji subira, na subira ni katika sifa za kwanza za ualimu tangu chuoni, tulipokuwa tukifundishwa herufi moja moja, irabu kwa irabu, na mwalimu akikariri nasi hadi ulimi ukalainika.

Tulipopita Manzese tulimkuta mwalimu mmoja wa kike, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa hakufanya kazi yake ili atajwe. Darasa lake lina watoto tisini. Tulimwuliza anawezaje kumjua kila mmoja. Alifungua daftari la mahudhurio, akatuonyesha alama ndogo za kalamu ya risasi. Alikuwa ameyagawa majina tisa kwa kila siku. Watoto tisa wa siku hiyo ndio ambao, kwa hali yoyote itakayokuwa, atawauliza swali, ataangalia madaftari yao na kuwaambia neno moja la kweli juu ya kazi zao. Kwa siku kumi za masomo darasa zima huwa limepita mbele ya macho yake. "Wengine," alituambia, "siku yao ikifika huja wamechana nywele." Hapana semina iliyomfundisha jambo hilo. Alilibuni mwenyewe, kwa sababu alikataa kuwafundisha watoto asiowajua.

Wapo watakaosema kwamba mtoto hufundishika kwa hofu, na kwamba wazee wetu walipomkabidhi mtoto kwa mwalimu walisema nyama ni ya mwalimu na mifupa ni ya mzazi. Tunawaheshimu wazee wetu. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Na sheria nayo imesema. Bara, kanuni za mwaka 2002 zinaeleza kwamba adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa skuli, au na mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi; isizidi viboko vinne; mwanafunzi wa kike aadhibiwe na mwalimu wa kike, ila pale ambapo skuli haina mwalimu wa kike; na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Visiwani, Wizara ya Elimu imekuwa ikihimiza njia nyingine za malezi badala ya bakora. Tunauliza: ni skuli ngapi ambazo daftari hilo la adhabu lipo, na limeandikwa ukweli?

Kwani tumekwisha kuona mahali ambapo hasira isiyo na kanuni inafika. Mwaka 2016 taifa zima lilitazama picha za mwanafunzi wa sekondari jijini Mbeya akipigwa na kundi la walimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mwezi Agosti 2018 mwanafunzi wa skuli ya msingi mjini Bukoba alifariki dunia baada ya kupigwa na mwalimu, na mwaka uliofuata mahakama ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa kosa la mauaji. Hatuyakumbushi haya ili kuwapaka matope walimu wote, ambao walio wengi ni watu wa huruma. Tunayakumbusha kwa sababu kati ya kofi la leo na msiba wa kesho hapana ukuta ila kanuni.

Wanaoamini kwamba bila ya hofu hapana elimu tunawaomba waikumbuke kampeni ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1967 kiasi cha theluthi mbili ya watu wazima Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986, kwa vipimo vya Serikali, waliobaki hawajui walikuwa chini ya asilimia kumi. Ni watu wachache katika ulimwengu waliofanya kazi kama hiyo kwa muda mfupi kama huo. Je, wale wazee na akina mama walifundishwa kwa bakora? Hasha! Mama mwenye wajukuu akitukanwa darasani jioni ya leo, kesho harudi. Mwalimu wa watu wazima alilazimika kutumia heshima, kwa sababu mwanafunzi wake alikuwa huru kuondoka. Alimwita "mama," alimpongeza alipoandika jina lake, akamvumilia mkono wake mzito uliozoea mpini wa jembe. Na taifa likasoma. Mtoto hutofautiana na mama huyo kwa jambo moja tu: yeye hana uhuru wa kuondoka. Kwa hiyo anapotukanwa mwili wake hubaki dawatini, na akili yake ndiyo inayotoka nje.

Tuje katika lugha. Mtoto aliyesoma skuli ya msingi kwa Kiswahili, aliyekuwa akijibu maswali kwa ufasaha, anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Visiwani, Sera ya Elimu ya mwaka 2006 iliyateremsha mabadiliko hayo hadi Darasa la Tano kwa hesabu na sayansi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Wanazuoni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Dkt. Martha Qorro, wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi jinsi wanafunzi wanavyonyamaza darasani, si kwa kukosa fikra bali kwa kukosa maneno ya kuzivika.

Mjadala huo ni mrefu na hatutaumaliza hapa. Lakini wakati wakubwa wanajadiliana, mtoto yupo darasani leo. Mwalimu anayemcheka kwa Kiingereza chake kibovu, au anayemvisha kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili, anamfundisha somo moja tu ambalo hatalisahau: kwamba lugha ya mama yake ni kosa, na kwamba kunyamaza ni salama kuliko kukosea. Taifa lililojikomboa kwa Kiswahili lisikubali watoto wake wafundishwe somo hilo.

Vivyo hivyo kwa watoto wa kike. Mwezi Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi katika skuli za kawaida. Visiwani mlango huo ulikuwa umefunguliwa mapema zaidi. Waraka unaweza kumfikisha binti huyo hadi lango la skuli. Kutoka langoni hadi dawatini anahitaji mwalimu. Neno la kwanza atakaloambiwa siku ile litaamua kama atakaa hadi mtihani au atarudi nyumbani kabla ya kengele ya mapumziko.

Sasa tuseme upande wa pili, kwani haki ina pande mbili. Mwalimu asiyejiamini hawezi kumpa mwanafunzi kitu ambacho yeye mwenyewe hana. Na sisi katika jamii tumewatendea nini walimu wetu? Katika miaka ya 1970 nchi ilihitaji walimu wengi kwa haraka, vijana waliomaliza darasa la saba wakajitolea, wakafundishwa ualimu huku wanafundisha. Kazi waliyoifanya ni kubwa, lakini jina la "mwalimu wa UPE" likageuzwa kuwa kejeli. Katikati ya miaka ya 2000, sekondari za kata zilipoenea, vijana wengine wakaitikia mwito baada ya mafunzo mafupi, nao wakaitwa "voda fasta," kwa mfano wa vocha ya simu. Mtu anayechekwa mtaani kwa jina la namna hiyo, anayengojea malimbikizo ya mshahara wake mwaka baada ya mwaka, anayepanga chumba pamoja na wazazi wa wanafunzi wake na kukopa unga duka lile lile wanalokopa wao, ataingia darasani na kifua gani? Uchungu hutafuta mahali pa kushukia, na mahali pa karibu ni mgongo wa mtoto.

Ajabu ni kwamba nchi hii, kuliko nyingi nyingine, ilipaswa kuijua heshima ya chaki. Julius Nyerere aliingia Skuli ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili. Pale alifundishwa na Mwalimu James Irenge. Uwezo wake ulitambuliwa mapema, akarushwa darasa. Tujiulize ingekuwaje kama mtoto yule aliyechelewa kuanza, aliyetoka kijijini na kuja mjini kutafuta elimu, angekutana na mwalimu wa kumwambia kwamba watoto wa Butiama hawafiki popote. Baadaye yeye mwenyewe alifundisha Tabora na Pugu, hadi mwaka 1955 alipolazimika kuchagua kati ya ualimu na siasa. Aliacha darasa, lakini jina la Mwalimu hakuliacha, na hadi alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 hapana cheo alichoitwa kwa mapenzi zaidi kuliko hicho.

Visiwani hali ni hiyo hiyo. Mzee Aboud Jumbe alikuwa mwalimu kabla ya kuingia katika siasa. Mzee Idris Abdul Wakil alikuwa mwalimu. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyezaliwa Mkuranga na kulelewa Unguja, aliyetutoka tarehe 29 Februari 2024, alifundisha na kuwa mwalimu mkuu Mangapwani, kisha akawa mkuu wa Chuo cha Ualimu Zanzibar, kabla ya kuongoza Zanzibar na baadaye Muungano. Waliowajua watu hawa wanakumbuka hulka moja: waliweza kumsikiliza mtu mnyonge hadi akamaliza. Hiyo ni tabia ya mtu aliyezoea kungoja jibu la mtoto.

Kwa hiyo tuna maombi kwa wahusika, na tunayasema kwa adabu lakini bila ya kuzunguka.

Kwa viongozi wa Wizara zetu mbili za elimu na halmashauri zote: wanapokagua skuli wasiishie katika vyoo na madawati. Walifungue daftari la adhabu. Wakae nyuma ya darasa wahesabu ni watoto wangapi walioulizwa swali. Wamwombe mtoto wa dawati la mwisho asome, wasimwombe wa mbele peke yake. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya wanafunzi kumi bora na skuli kumi bora. Ulikuwa uamuzi wa busara, na busara hiyo iteremke hadi kwenye ubao wa matangazo wa skuli, ambako mtoto wa tisini kati ya tisini bado hubandikwa jina lake wazazi wote walione.

Kwa wanaopanga bajeti: darasa la watoto tisini si tatizo la mwalimu, ni tatizo la taifa. Tumesimulia juu ya mwalimu mwenye kalamu ya risasi na majina tisa kwa siku. Tunamsifu. Lakini ni hatari kwa nchi kuitegemea miujiza ya watu wema. Mwalimu yule alipwe haki yake kwa wakati, apandishwe daraja linapofika, na apunguziwe mzigo. Akiumaliza moyo wake kwa uchovu, hapana duka ambalo Serikali itakwenda kununua moyo mwingine.

Kwa wazazi wa Manzese na wa Visiwani: msimwache mwalimu peke yake, wala msimtukane mbele ya mtoto. Nendeni skuli hata siku ambayo hamkuitwa. Mama anayeuza vitumbua asione haya kusimama mlangoni mwa darasa, kwani yeye ndiye mwajiri wa wote waliomo.

Na kwenu, ndugu walimu: uwezo mlio nao juu ya mtoto haujaandikwa katika barua yoyote ya ajira. Mnaweza kumfelisha mtoto aliyefaulu, na mnaweza kumsimamisha aliyeanguka. Jumatatu asubuhi, kabla ya kuandika tarehe ubaoni, mtazameni yule aliyekaa nyuma kabisa, karibu na dirisha lililovunjika, ambaye tangu muhula uanze hajasikika sauti yake. Mwiteni kwa jina lake. Mwulizeni swali analoweza kulijibu. Kisha ngojeni.